Soketi ya Fundi Kucha

Mdogo wangu alizaliwa akitanguliza miguu, na tangu siku hiyo sijamwona akifanya jambo kwa njia iliyozoeleka. Watu humwita Fundi Kucha. Si kwamba ana kucha nzuri. Kucha zake zimekuwa nyeusi kwa grisi tangu alipoanza kushika spana, na hata kwenye picha za harusi yake zinaonekana, amemshika bibi harusi mkono kana kwamba ametoka kufungua injini. Wanamwita hivyo kwa sababu kila akiunga waya huzisokota, huzifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, halafu hutoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na kudondosha tone moja juu ya kiungo ili maji yasiingie. Ukifungua mashine yoyote upande wetu ukakuta tone jekundu, ujue amepita hapo. Na vichupa ni vyangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nawasingizia binti zangu.

Kingine ambacho watu wanakijua kuhusu yeye ni chuki yake kwa soketi. Zile za plastiki zinazounganisha waya na waya, moja ina pini, nyingine ina matundu, unazisukuma zinalia "tak". Yeye hazitaki. Akiitwa kutengeneza mashine, kitu cha kwanza ni kuikata soketi, kuitupa, na kuunga waya moja kwa moja.

"Soketi ni ugonjwa," humwambia mwenye mashine. "Vumbi linaingia hapo, maji yanaingia hapo. Waya na waya zikishikana zenyewe, nani atazitenganisha?"

Na mwenye mashine, kwa kuwa mashine imewaka, hushukuru.

Mimi ni dada yake mkubwa. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi, nikampeleka shule akakimbia, nikamrudisha akakimbia tena, mpaka nikakubali kwamba gereji ndiyo shule yake. Sasa ana trekta lake mwenyewe, alilonunua likiwa limeshatumika na wengine, na analimia watu mashamba. Shamba langu liko bondeni, udongo mfinyanzi mweusi. Likiwa kavu unalima. Mvua moja kubwa ikishuka, trekta linazama mpaka kwenye ekseli, na huwezi kuingia tena hadi msimu umepita. Kwa hiyo shamba langu ndilo linalopaswa kulimwa kabla ya yote.

Na kila mwaka ndilo la mwisho. Atamlimia mwenye duka, atamlimia mchungaji, atamlimia Bwana Ekari, yule mwenye shamba refu kando ya barabara ambaye hajawahi kusubiri kitu maishani mwake. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Dada, wewe ni wa nyumbani. Wewe hukimbii." Ni kweli sikimbii, na ndiyo kasoro yangu. Mwaka jana alikuja mvua ishanyesha, akazama, akatolewa kwa kamba, na mimi nikachimba nusu ya shamba kwa jembe la mkono na wanangu. Tulipanda tumechelewa. Mahindi yaliyotoka yalikuwa na punje zilizoachana kama meno ya mtoto aliyeanza kung'oka meno. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa naomba unga kwa wifi yangu, ambaye ni mke wake, na wifi yangu alikuwa ananipimia bila kuniangalia usoni kwa aibu ya mumewe.

Mwaka huu aliniahidi, mbele ya wifi huyo huyo. "Dada, mwaka huu unaanza wewe. Nikianza na mtu mwingine, msinipe chakula." Wifi akasema, "Nimesikia." Nami nikasema nimesikia.

Jumatatu asubuhi, mawingu yakiwa yameshaanza kukaa upande wa milimani, akaliwasha trekta lije kwangu. Likanguruma, likatoka hatua tano, likazima.

Soketi iliyoharibika ilikuwa ile moja tu ambayo hakuwahi kuikata, kwa kuwa haikatiki. Trekta lake lina boksi la kompyuta chini ya usukani, na kutoka kwenye boksi hilo waya saba zinakwenda kwenye pampu ya mafuta. Pale kwenye pampu hakuna waya wa kuunga. Kuna pini saba fupi zilizozama ndani ya tundu refu kama kidole, na kinachoingia humo ni soketi yake tu. Alichokifanya yeye zamani ni kuzikata waya sentimita chache nyuma ya soketi na kuziunga upya kwa mtindo wake, mpira na rangi. Viungo vikawa vinapata moto kidogo kidogo kila msimu. Sasa soketi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa, na matone yangu mekundu yamegeuka kahawia.

Mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Mdogo wangu alichukua waya tupu saba, akazisukuma moja moja ndani ya lile tundu, akazibana kwa vijiti vya kiberiti. Mbili zikagusana. Stata, ile mota ya kuwashia injini, ikaanza kuzunguka yenyewe, ufunguo ukiwa mkononi mwake, na haikukoma mpaka alipofika kwenye betri na kuing'oa waya. Moshi ulikuwa umeshatoka. Kwa hiyo kufikia saa nne hatukuwa na soketi na hatukuwa na stata.

"Stata si tatizo," akasema. "Tunaliachia mteremkoni, linawaka. Shida ni soketi."

"Shida ni wewe," nikamwambia.

Jumanne nilipanda pikipiki nyuma yake. Hakutaka. Nilimwambia akienda peke yake atakutana na mtu mwenye jenereta bovu na ataonekana Alhamisi. Mfukoni alikuwa na ile soketi iliyoyeyuka, ameifunga kwenye kitambaa kama jino la mtoto.

Duka la kwanza la vipuri lilikuwa na kaunta ya kioo na dada mmoja mwenye miwani nyuma yake. Aliipokea soketi kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaandika namba kwenye kompyuta.

"Hii haiuzwi peke yake," akasema. "Inakuja na waya zake zote, kuanzia kwenye boksi mpaka mwisho."

"Basi nipe na waya zake zote."

"Inaagizwa. Miezi mitatu, kaka yangu. Minne meli ikichelewa."

Mdogo wangu akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mimi sikucheka. Nilimwuliza yule dada kama anajua mvua inanyesha lini. Akanitazama juu ya miwani, akasema hilo haliko kwenye kompyuta yake. Hakuwa na ubaya, ila nilitamani kumzabua.

Duka la pili lilikuwa la mzee mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya miguuni. Yeye alikuwa na jibu kabla ya swali. Alizama nyuma ya mapazia, tukasikia masanduku yakiburutwa, akarudi na soketi mpya ndani ya mfuko.

"Hii hapa. Ndiyo yenyewe."

Mdogo wangu akahesabu. "Mzee wangu, hii ina matundu manane."

"Yamezidi, hayajapungua."

"Pini ziko saba. Na zimepangwa mviringo, hii imepangwa mistari."

"Ikate kate kidogo, wewe si fundi?"

Naapa nilimwona mdogo wangu akiifikiria. Kweli kabisa, alikuwa anaigeuza na kupima kwa jicho ataanzia wapi kukata. Nikamshika mkono wa shati nikamtoa nje kama nilivyokuwa nikimtoa kwenye maji ya mvua akiwa na miaka minne.

Duka la tatu lilikuwa limefungwa kwa msiba. La nne waliuza matairi tu, na kibao chao kilisema vipuri vyote. Saa saba mchana tulikaa kwenye ukingo wa mtaro tukila mkate kwa maji, jua likichoma ile namna linavyochoma mvua ikiwa karibu, na mimi nikahesabu moyoni: leo Jumanne, kesho Jumatano, na yale mawingu yameshashuka usawa wa minara ya simu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulima shamba kwa meno.

"Dada, usininunie."

"Sijakununia. Nakula."

Kwa mnunuzi wa chuma chakavu ndiko nilikodhani tutapata. Uwanja mzima ulijaa mifupa ya magari, na kwenye kona kulikuwa na matrekta mawili bila magurudumu. Mdogo wangu akarukia la kwanza, akafungua boneti, akaifunga. Akaenda la pili. Nikasogea nikaona. Kila mahali palipotakiwa kuwa na soketi palikuwa na kiungo cha waya iliyosokotwa. Baadhi zilikuwa na gundi nyeusi, baadhi na karatasi ya sigara, na mbili zilikuwa na tone jekundu. Nikageuka nikatazama kwingine. Sikutaka kumpiga mtu aliyeanguka.

Mwenye uwanja, mwanamke mwenye glavu za ngozi na sauti ya kuamrisha, alikuwa akichoma waya kwenye pipa ili kupata shaba.

"Soketi?" akasema. "Ndugu zangu, soketi zinaletwa na nani? Mafundi wa huku wanazikata zote. Kuna mwehu mmoja huko vijijini anaunga kwa rangi ya kucha. Mimi nikiona tone jekundu tu najua gari hilo limeshakufa mara mbili."

Mdogo wangu akatazama buti zake. Mikono aliingiza mfukoni, kucha zote kumi.

"Lakini aina hiyo ya trekta," yule mama akaendelea, "lipo moja kwenye kiwanda cha mbao cha zamani. Halijaguswa. Injini yake ilikwama miaka mitatu iliyopita, limekaa tu kwenye banda. Nendeni mkamwone mlinzi."

Nilimshukuru mpaka akachoka. Tukapanda pikipiki. Njia ya kiwanda cha mbao ninaijua, unapinda kushoto kwenye daraja. Tulipofika kwenye daraja, mdogo wangu hakupinda.

Nikampiga bega. "Umepita."

"Kule hakuna kitu, dada."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Umejuaje?"

Akaegesha. Akakaa na injini ikiwaka, shingo yake imeingia mabegani. Naijua shingo ile. Ndivyo ilivyokuwa siku niliyomkuta ameifungua redio ya marehemu baba, vipande vyote viko juu ya mkeka, na hajui kipi kinaanza.

"Geuza," nikasema.

Mlinzi wa kiwanda alikuwa mzee mwembamba, na alifurahi kuona watu. Alitupeleka bandani akiongea njia nzima. Trekta lilikuwa pale, rangi ile ile kama la mdogo wangu, matairi yamekaa chini, buibui wamejenga kwenye usukani. Mlinzi akafungua boneti mwenyewe, kwa fahari ya mtu aliyetunza kitu.

Na kweli soketi ilikuwepo. Imekaa juu ya pampu, nzima, nyeusi, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nikasogea karibu. Halafu nikaona kwamba nyuma ya soketi hakuna waya. Zilikatwa pale pale shingoni, usawa kabisa na mpira, hakuna hata mkia wa kushika kwa koleo. Upande wa pili, zilikokuwa zikitoka kwenye boksi la usukani, zilibaki ncha saba, na juu ya kila ncha kulikuwa na tone jekundu.

"Alikuja fundi mmoja," mlinzi akasema, "alihitaji waya. Bosi akamwambia achukue, mashine imekufa. Nikamwambia, mwanangu, mbona soketi nzuri hivyo unaiacha, ikate basi uende nayo. Akasema soketi ni ugonjwa, nani ataitaka? Lakini kijana mzuri. Alijua betri inaniwashia taa humu, akaziziba ncha zote zisije zikaniuma."

Alimtazama mdogo wangu moja kwa moja bila kumtambua. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo tangu mwaka jana, tangu jembe la mkono, tangu unga wa wifi. Nikafungua mdomo. Mdogo wangu alikuwa ameegemea tairi, amefumba macho, na midomo yake inacheza. Alikuwa anajitukana mwenyewe, polepole na kwa utaratibu, na alikuwa anatumia matusi yangu. Basi nikafunga mdomo. Kazi yangu ilikuwa inafanywa.

Alipomaliza alisema, "Mzee, una wembe?"

Mlinzi alikuwa nao. Mdogo wangu aliichomoa soketi, akakaa juu ya gogo pale mlangoni penye mwanga, akaanza kuukwangua ule mpira wa shingoni, unywele kwa unywele, kutafuta shaba iliyofukiwa humo. Ukikwangua kidogo huifikii. Ukikwangua sana unaikata, na ikikatika humo ndani basi. Nilishika soketi, yeye akashika wembe. Alijikata kidole gumba mara mbili. Kila waya ikichungulia, alilehemu kipande kipya juu yake kwa msumari aliokuwa akiupasha kwenye jiko la mkaa la mlinzi, na risasi aliyoiyeyusha kwenye kifuniko cha chupa. Sijawahi kumwona akitumia muda mrefu hivyo kwa kitu kimoja. Sita zikashika. Ya saba ikakatika ndani.

Akaitazama. "Ya saba ni ya kipimo cha joto tu," akasema. "Itavumilika."

Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa kichupa. Kilikuwa kitupu. Akakitikisa, akakipima kwenye mwanga. Mimi nikafungua mkoba wangu nikampa cha kwangu. Hakuuliza kwa nini ninatembea nacho shambani na gerejini. Nilikuwa nimekificha asikichukue.

Jumatano asubuhi majirani walisaidia kulisukuma trekta mpaka kwenye mdomo wa mteremko. Kabla ya kuliachia, mdogo wangu aliniketisha juu ya madigadi na kunipa maelekezo, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa.

"Sikiliza, dada. Likishawaka, halizimwi mpaka tumalize. Stata hatuna, na huko bondeni hakuna mteremko. Kusimama linaweza, lingurume tu hapo hapo hata kutwa, halina neno. Ila mkono wako usiguse ufunguo."

"Sigusi."

Liliachiwa, likabingirika, likakohoa, likawaka. Nikajikuta nimeshika kichwa cha mdogo wangu kama mpini. Mawingu yalikuwa juu yetu kabisa sasa, na upepo ulikuwa na harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Tukapita kwa mwenye duka, akapunga. Tukapita kwa mchungaji. Na kwenye njia panda, pale shamba refu linapoanza, alisimama Bwana Ekari katikati ya barabara, mkono juu, fimbo ya kupimia mkononi, na wafanyakazi wake wawili wameshaondoa kamba kwenye lango.

 Naijua ile njia panda. Miaka mitano mfululizo ndipo zamu yangu ilipofia. Mdogo wangu hajui kumkatalia mtu mkubwa, hajawahi, hata shuleni alikuwa anawapa wenzake chakula chake kwa sababu wameomba kwa sauti nene.

"Fundi," Bwana Ekari akaita. "Ingia hapa. Hizi za mbele tu, kabla haijanyesha. Dada yako atasubiri."

Trekta likapunguza mwendo. Nikaona mkono wa mdogo wangu ukienda kwenye gia, kisha ukabaki hapo hapo hewani. Alitazama mawingu. Akamtazama yule mtu. Kisha akakanyaga mafuta, na akapaza sauti juu ya mngurumo, uso mkavu kabisa:

"Halisimami, mzee. Soketi mbovu. Nikisimama tu linazima, na stata sina."

"Halisimami kabisa?"

"Kabisa. Muulize dada."

Bwana Ekari, akiruka kando huku amekumbatia fimbo yake, akaniangalia mimi. Mimi ni mzee wa kanisa. Nafundisha watoto wasiseme uongo.

"Halisimami," nikasema. "Limetusumbua tangu Jumatatu."

Tukapita. Hatukutazamana mpaka tulipofika bondeni.

Alilima bila kupumzika. Mvua ilianza akiwa kwenye mistari minne ya mwisho, matone makubwa yaliyoachana, na alimaliza magurudumu yakianza kuteleza, akatoka juu kwenye majani akiwa amelowa mpaka kwenye soksi. Huko, mbele ya macho yangu, aliliegesha. Likasimama pale likinguruma taratibu, robo saa nzima, halitikisiki, wakati yeye akifunga plau na kujikamua shati.

Nikamwendea. "Hili si ndilo halisimami?"

Hakunitazama. Alikuwa ameinama kwenye pampu, anapangusa maji kwenye matone sita mekundu kwa ncha ya kidole.

"Soketi ni ugonjwa, dada," akasema.